Mwaka wa Kitambaa Cheusi

Mwezi uliopita tulimzika Banza, fundi cherehani, na kwa siku zote za kilio mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa viziwi wa Kamina. Mchungaji alihubiri, nikayageuza maneno yake kuwa ishara. Wajomba wa marehemu walizozana kuhusu kaburi, nikayageuza na hayo. Viziwi walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, macho yao mikononi mwangu, na kila aliyekuja kunipa pole alinishukuru kana kwamba mimi ndiye mjane. Mimi mwenyewe ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilinichukulia masikio nikiwa na miaka kumi na mmoja, ikaniachia makombo katika sikio la kushoto, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujua kusema, ulimi ulibaki. Midomo ya watu naisoma mtu akiwa hata ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana tangu ujana wangu nimewekwa mlangoni, kati ya wanaosikia na wasiosikia, na aliyekaa mlangoni ndiye huchagua nini kiingie.

Siku ya pili ya kilio walinijia vijana wawili wa chama cha viziwi, wenye simu zinazoandika papo hapo kila linalosemwa mbele yao. Wanajiandaa kwenda kituo cha televisheni cha hapa mjini kuomba maneno yaandikwe chini ya habari na chini ya filamu. Wamesikia kwamba sisi, watu wa Banza, ndio tuliopigania jambo hilo kwanza, na wakaniomba niwaandikie tulivyoanza, wapate kitu cha kusoma mbele ya mkurugenzi. Walikuwa na nyuso za watu wanaongoja hadithi nzuri. Niliwaambia nitaandika mwaka mmoja tu, na kwamba hautawapendeza. Walicheka, wakidhani mama mzee anajishusha kwa adabu. Basi wasome.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na chumba nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha Banza, katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Kilikuwa nusu ya nyumba ya matofali mekundu, sakafu yake ya saruji imepasuka katikati, na ndani ya ufa ule pini na vifungo vilijificha hata tukavizoea huko. Cherehani ya kukanyaga ilikaa chini ya dirisha kwa ajili ya mwanga. Juu yake Banza alitundika kipande cha kioo, maana kiziwi anayeupa mlango mgongo hushtuka siku nzima. Mgeni hakubisha hodi. Nje ya mlango palikuwa na kamba. Ukiivuta, kitambaa chekundu cha kitenge kilipepea mbele ya macho ya fundi, naye akainua kichwa. Pasi ya makaa ilikaa pembeni, na harufu yake ilichanganyika na ya vitambaa vipya; mpaka leo nikiinusa mahali popote moyo wangu hulegea, halafu hukumbuka, halafu hukaza.

Tulikuwa viziwi saba. Watano kati yetu walikuwa wamepita katika darasa la masista, ambako kiziwi alifundishwa Kifaransa kwa chaki na fimbo hadi akakisoma, hata kama hakuwahi kukisikia. Banza ndiye aliyekisoma kutuzidi sote. Alizaliwa bila kusikia, wala hakuwahi kutoa neno lililoeleweka, lakini gazeti lililofungiwa maandazi alilisoma mpaka kwenye madoa ya mafuta. Mado alikuwa binti wa askari, aliyeletwa na wazazi wake kutoka mbali hadi Base ya Kamina akiwa mkubwa tayari. Shule hakuiona, na herufi kwake zilikuwa vijiti tu. Alikuwa mchumba wa Banza, na ndiye aliyetupikia: bukari, ugali wa kwetu, sombe ya majani ya muhogo yenye karanga, na samaki wa kukaushwa kutoka Kabondo-Dianda, waliofika na vumbi la safari nzima hata ukiwaosha mara tatu. Watu hudhani meza ya viziwi ni kimya siku zote. Si kweli, sisi ni wapiga domo wakubwa, ila bukari hutunyamazisha, maana mkono ulioshika tonge hauwezi kusema. Mwenye hadithi alikula mwisho. Banza alikula bukari baridi karibu kila Jumapili ya mwaka ule.

Hadithi zilitoka sinema. Papa Umba, dereva wa treni aliyestaafu, alikuwa amefungua ukumbi katika bohari kuukuu karibu na reli, akaweka mabenchi ya mataruma na mashine ya kurusha picha, na shuka jeupe la kurushia picha hizo akashonewa na Banza. Kila Jumapili baada ya ibada alionyesha filamu za Wachina na za Wahindi, na chini yake kulikuwa na maandishi ya Kifaransa. Hayo maandishi ndiyo yaliyotupeleka. Ukumbi mzima uliona watu wakirushiana ngumi na wakilia. Sisi wa benchi la mbele tulijua kwa nini. Mado alikaa ubavuni mwa Banza akitazama kidogo shuka na kidogo goti la mchumba wake, ambapo vidole vilimsimulia kila mstari uliopita. Sijawahi kuona uchumba mtamu kuliko ule, na niliuonea wivu kwa haki kabisa.

Waliobaki, yaani mamia ya wenye masikio yao mazima, walimsikiliza Kalenga. Huyu alikuwa zamani akitangaza treni katika kipaza sauti cha stesheni. Treni zilipoanza kuja kwa kubahatisha, aliihamishia sauti yake ukumbini, akisimama kando ya shuka na kueleza kwa Kiswahili yale waigizaji waliyokuwa wakisema. Kifaransa chake kilikuwa cha stesheni: kuwasili, kuondoka, kuchelewa. Filamu ikikimbia, Kalenga alitunga. Mwanga wa picha ulimpiga usoni, na kwa hiyo mimi peke yangu katika Kamina nzima nilisoma vyote viwili kwa wakati mmoja, maandishi kwenye shuka na midomo ya Kalenga. Nakumbuka mama mmoja wa Kichina aliyemwambia mwanawe, kwa maandishi, kwamba baba yako alikufa akiita jina lako. Kalenga akasema baba alikuwa amekwenda Kaniama kununua mahindi na alikuwa anangoja treni. Ukumbi ulicheka hadi mabenchi yakatikisika, na mimi nikacheka kwa sababu nyingine, peke yangu, nikajiona mwerevu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ujinga wa umri ule hufanana sana na werevu.

Tatizo la Kalenga halikuwa sisi. Lilikuwa wanafunzi wa sekondari, waliosoma yale maandishi, wakacheka mahali pasipochekesha, kisha wakapiga kelele kumsahihisha. Mtu aliyewahi kusimamisha stesheni nzima kwa sauti yake hakuweza kuvumilia hilo. Siku moja katikati ya wiki kitambaa chekundu kilipepea, na kiooni tukawaona Papa Umba na Kalenga mlangoni. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mabaki ya vitambaa nikishona vifungo, nikainuka kutafsiri. Papa Umba alitaka kitambaa kizito cheusi, urefu sawa na upana wa shuka, kimo cha mkono mmoja, chenye pete za kutundikia. Banza aliuliza ni cha nini. Papa Umba akajibu kwamba ni pazia, pambo tu la chini. Nikamtafsiria vile vile, maana bado nilikuwa mtu mwaminifu, ingawa kwa dakika chache tu zilizobaki.

Wenye kusikia hawana tabia ya kushusha sauti mbele ya kiziwi. Watajificha kwa mtoto, watajificha kwa mtumishi, lakini mbele yetu husema kila kitu wazi. Banza aliinama kupima kitambaa, nao wakageukiana palepale. Kalenga akasema, "Tukifunika ile maandiko ya chini, bale banafunzi batasoma nini? Batanisikia tu minyi." Papa Umba akauliza, "Na bale bubu ba mbele?" Kalenga akainua bega: "Bale banaangalia picha." Nilielewa mara moja kwamba Banza alikuwa anapima kwa mikono yake mwenyewe kitu cha kumfunga macho, yeye na Mado na sisi sote. Nadhani uso wangu ulionyesha, maana Papa Umba aliniona.

Hakunitisha. Laiti angenitisha, ningejua la kufanya. Alinisogelea, akanitazama kwa upole kama baba, akasema polepole ili nisipoteze hata neno: "Weye mwanangu hauko kiziwi ya kweli. Weye uko muntu ya kusikia, ugonjwa njo ilikuibia. Hauko sawa na hawa." Nimezeeka sasa na ninajua jina la kitu kile, wakati ule nilidhani ni heshima. Tangu nilipougua, hakuna mtu aliyenirudisha upande wa pili wa mlango, ule nilikotoka, ambako mama zetu waliimba wakitwanga na nikawasikia. Huyu mzee alinirudisha kwa sentensi tatu. Banza alipoinua kichwa na kuuliza walikuwa wanasema nini, mikono yangu ilimjibu kwamba walikuwa wanazungumza habari za treni. Alifurahi sana kwa kazi ile. Alitumia siku nne nzima kushona pindo, mishono midogo ya mkono, ile aliyoiweka kwenye nguo za bibi harusi tu.

Jumapili iliyofuata tulikaa benchi letu. Picha ilipowaka, chini ya shuka palikuwa na utepe mpana mweusi, na maneno yote yalikuwa yakipita juu ya weusi ule yakizama. Mado alimgusa Banza goti, akingoja vidole vianze. Havikuanza. Baada ya muda Banza aliinuka, akaenda mbele kabisa, akapapasa pindo la kitambaa kwa kidole gumba, huku kivuli chake kikikata picha na watu wakimpigia kelele asizozisikia. Aliporudi alikuwa anacheka, cheko lile la mtu aliyepigwa kofi na asiyejua bado ni la nani. Alisema kwa ishara (na ishara zetu naziandika hapa kwa Kiswahili cha kwetu, maana ndicho tungekisema), "Ni mushono yangu."

Hapo ndipo ilipoanza ile ambayo vijana wanaiita harakati. Jina hilo hatukulijua. Banza aliandika barua kwa Kifaransa safi chenye alama zote mahali pake, mimi nikaipeleka kwa Papa Umba, naye akaiweka chini ya kikombe cha chai. Tukaandika nyingine kwa ofisi ya komini, serikali ya mtaa. Karani mmoja pale, ambaye dada yake mwenyewe hakuwa akisikia, alitukalisha kwenye kiti, jambo ambalo halikuwahi kutupata katika ofisi yoyote, akatuahidi karatasi yenye muhuri. Tulingoja karatasi ile wiki nyingi. Tulipochoka kungoja, Banza alipata wazo ambalo hadi leo nalionea fahari, ingawa sina haki nalo. Tuliingia ukumbini kama kawaida, tukalinyanyua benchi letu, tukaligeuza, tukakaa tumeupa shuka mgongo. Filamu nzima tuliwatazama watu. Hatukufanya lingine lolote. Jaribu wewe kula karanga huku watu saba wanakutazama mdomo. Jumapili ya kwanza walicheka. Ya pili walitutupia magunzi ya mahindi. Ya tatu mabenchi yaliyotukabili yalikuwa matupu, maana hakuna aliyetaka macho yale yawe mbele yake, na Papa Umba akatuma mtu kutuambia kwamba yuko tayari kuzungumza mbele ya wote.

Nyakati zile kule chumbani ndizo zilikuwa bora za maisha yetu, na ndizo zilizoniumiza zaidi. Tulikula kwa haraka ili mikono iwe huru. Kila mara mmoja wetu aliuliza swali lilelile: je, wakati wa kupima, hakuna hata mmoja aliyeona dalili? Banza aliligeuza juu chini. Alijilaumu mwenyewe, alisema angemtazama Papa Umba vizuri machoni angejua. Nami nilikuwepo hapo, nimekaa juu ya mabaki ya kitambaa kile kile cheusi, nikisema kwa mikono kwamba hapana, kaka, huna kosa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nguoni mwake kabisa, na alinikatia nyama ya samaki isiyo na miiba.

Siku mbili kabla ya mkutano, karatasi ya komini ilitoka. Ilimtaka mwenye ukumbi aondoe kitambaa katika onyesho moja kila wiki, isipokuwa kama pande mbili zingepatana zenyewe kwa njia nyingine. Banza aliikunja mara nne akaitia mfuko wa shati, akaupiga mfuko kiganja. Mpango wetu ulikuwa rahisi hata mtoto angeuweza: kutokubali jambo lolote pale ukumbini, kutoa karatasi, kumkabidhi, kwenda zetu. Tulirudia mara nyingi. Mado, ambaye hakuweza kusoma hata jina lake, aliomba aushike muhuri ule kwa kidole.

Ukumbi ulijaa Jumapili ile kuliko siku ya filamu. Mimi nilisimama mbele kati ya Banza na Papa Umba, Kalenga pembeni na kipaza sauti chake. Banza aliuliza kwanza, nami nikasema kwa sauti: ulipokuja kwangu ulisema ni pazia, kwa nini ulinidanganya? Nilipokuwa nikilitamka swali hilo nilijua jibu lake. Papa Umba hakumjibu Banza. Aligeukia watu, akasema, "Minyi sikudanganya muntu. Huyu binti alikuwa pale, alisikia yote kwa macho yake. Mumuulize yeye juu ya nini alinyamaza." Niliona vichwa vya ukumbi mzima vikinigeukia kwa pamoja. Kila mtu ndani ya bohari lile sasa alijua nilichokifanya, wazee, wauza maandazi, wanafunzi, watoto wa mgongoni. Watu sita tu hawakujua, na hao walikuwa wanatazama mikono yangu.

Ningeweza kusimama kimya. Ningeweza kulia, nikatoka. Nilichofanya ni kuinua mikono na kusema, "Anaomba radhi. Anasema bantu baamue, na yeye atafuata." Yalinitoka mepesi, yamepangika, na hata mashaka sikuyaonyesha. Nilikuwa nimemcheka Kalenga mwaka mzima kwa ajili ya mahindi ya Kaniama, na uongo wangu wa siku ile ulikuwa umeshonwa vizuri kuliko wote aliowahi kutunga. Uso wa Banza ulifunguka. Alimtazama yule mzee aliyeomba radhi, akasahau mpango wetu wote. Akaniambia, "Kama anaomba radhi, tuache karatasi. Muntu akijua kweli, hatataka tena bongo," yaani uongo. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kosa la mtu aliyejifunza dunia kutoka kwenye maandishi, ambako kilichoandikwa kikishasomwa mambo huisha. Alidhani watu walidanganywa. Hakudhani kwamba walipenda. Nikasema kwa sauti kwamba amekubali watu waamue, na Papa Umba, aliyekuja akitarajia vita, akanitazama kwa mshangao, halafu akaelewa haraka.

Waliotaka kitambaa kitolewe waliambiwa wainue mkono. Wenzangu sita waliinua mikono yote miwili, na wanafunzi wachache. Waliotaka Kalenga aendelee waliinua, na sikuliona tena paa la bohari. Mama mmoja wa safu ya pili, muuza maandazi, aliyetusalimia kila wiki na kumpa Mado andazi la ziada, alimwambia jirani yake, nami nikamsoma: "Kweli tuko nayo ku nyumba kila siku. Hapa tunakuja kusikia Kalenga." Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Nilimtafsiria Banza hesabu ya mikono kwa ukamilifu, kwa kuwa haikuhitaji tafsiri. Alitoa karatasi mfukoni, akampa Papa Umba, naye akaisoma yote na kumrudishia, akionyesha kwa kidole mstari ule wa mapatano. Tulitoka. Pale mlangoni niligeuka nikamwona Kalenga akinitazama. Hakujua ishara hata moja, lakini alijua kazi. Aliona nilivyosema na aliona kwamba hakuna kiziwi aliyenigeukia kwa hasira, na akaniinamishia kichwa kama fundi kwa fundi mwenzake.

Hatukurudi tena. Ukumbi wenyewe ulikufa miaka michache baadaye, watu walipopata televisheni zao, na bohari likawekwa mifuko ya saruji. Mimi nilijiwekea adhabu yangu mwenyewe: tangu siku ile sikubadilisha neno la mtu yeyote. Niliwatafsiria Banza na Mado kwenye ndoa yao, pamoja na kejeli za shangazi. Niliwatafsiria kwa hakimu, kwa wenye nyumba, kwa walimu wa watoto wao. Mwaka jana daktari alipomwambia Banza kwamba figo hazitapona, mwanawe mkubwa aliniomba nipunguze makali. Nilikataa, nikayasema yote, moja baada ya jingine. Banza alikuwa na tabia ya kunitazama usoni kwa muda kabla ya kushusha macho kwenye mikono yangu, na siku ile alinitazama usoni kwa muda mrefu sana. Nilidhani ni mapenzi ya ndugu. Mji mzima ulinisifu kwamba siongezi wala sipunguzi. Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakutembea njia yangu, ambayo ilikuwa na watu kila mahali wakinipa mkono.

Asubuhi ya kutoa kilio, yaani kumaliza matanga, nilimkuta Mado uani akikusanya sahani. Vijana walikuwa wameniomba hadithi nzuri jana yake, na sikuwa nimelala. Nilimshika viwiko, nikaviachia ili niweze kusema, nikamwambia yote: treni ambazo hawakuzizungumza, radhi ambayo haikuombwa. Sikujitetea. Nilisema kwamba Banza alikufa akiniamini, na kwamba jambo hilo siwezi kulibeba peke yangu tena. Mado alisikiliza hadi mwisho, bila haraka, kisha akaweka sahani chini, maana mikono yake ilikuwa imejaa.

"Alijua," alisema. "Kalenga alikuja juma ile ile ya mukutano. Aliandika yote na chaki ya Banza, juu ya meza ya kukatia."

Nilimuuliza mara mbili, nikidhani nimesoma vibaya. Nikamuuliza basi kwa nini walinichukua: kwenye ndoa, kwa hakimu, kwa daktari, miaka yote hii, kwa nini mimi. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapita kwenye daraja pekee lililopo.

"Tungemuchukua nani? Ulikuwa weye mumoja tu. Na bongo yako tuliijua inafanana je. Ya bengine hatukuijua."

Kisha akanishika bega, akanigeuza. Chini ya turubai mchungaji alikuwa amesimama kufunga kwa sala, midomo yake imeshaanza kwenda, na viziwi wote walikuwa wamekaa wakinitazama usoni, kama alivyozoea Banza.